Futi ya Mshona Magauni

Saa tisa alasiri upepo hupanda kutoka bondeni,
safi machoni. Usidanganyike.
Asubuhi magari ya jiji la Meksiko yalipumua,
jua likaudaka moshi ule, likaupika upya,
likautoa jikoni hauna rangi.
Wataalamu huuita ozoni.
Binamu yangu Crisóforo huuita mgeni wa saa tisa:
habishi hodi, wala haagi.

Mimi napima miberoshi.
Miche mia nne na kumi na miwili, ubavuni mwa mlima,
kwa futi aliyoniachia mama, mshona magauni ya harusi.
Naipima kiuno na kimo
kama mabibi harusi wasioambiwa siku.

Wa thelathini na saba: sentimita nne, mwaka mzima.
Wa thelathini na nane: mbili.
Wa thelathini na tisa niliuandikia moja, kwa huruma.
Nikafuta.

Sindano za mwaka juzi zimebabuka upande wa juu tu,
ule unaotazama mbingu.
Chini bado kijani. Pindua, uone.

Mti una vinywa elfu, vitundu visivyoonekana kwa jicho.
Ukivifumba, njaa.
Ukivifumbua, sumu.
Mche mchanga hauna akiba ya kuchagua:
kidogo ulichonacho unatibu majani,
mizizi inalala bila kula,
na ulimbo, ulimbo unakauka.

Dumuzi wa magome anajua. Mdogo kuliko ufuta.
Akitoboa mti wenye nguvu hujibiwa kwa tone zito,
huzama humo na kiburi chake.
Hapa alitoboa, akangoja jibu.
Pakavu.
Akaingia, akawaita nduguze.

Nani aliileta miche hii huku juu?
Pikapu ya Crisóforo, ile ya bluu, inayotoa moshi wa bluu.
Nilikaa nyuma nimeikumbatia mikebe yake,
wingu letu likitufuata kona kwa kona
kama mbwa anayejua nyumbani.
Hatukusemezana. Tulikohoa kwa zamu.

Halafu kuna wa mia mbili na sita.
Tulifyeka vichaka vyote ili miche ilione jua;
huo tukausahau chini ya kichaka cha miiba.
Doña Eutimia alitugombeza: kazi nusu ni kazi ya nani?
Leo nimejipenyeza humo, mikono ikichanika,
nikanyoosha futi.
Kumi na moja.
Nikapima tena, maana mama alisema
kitambaa hukatwa mara moja.
Kumi na moja.

Nilivunja ncha ya kitawi, kidogo, kuhakikisha.
Kikatoka chozi zito, la kunata, lenye harufu kali,
likaniganda vidoleni, likaiganda futi,
likaifunika namba ileile.

Usiku nilichota maji, nikatia sabuni.
Nikayamwaga.
Namba kumi na moja ya mama haisomeki tena,
na bado inanata.