Fomu ya Saa Tisa Usiku

Villem aliingia kwenye sanduku lake la mchanga mara kumi na moja,
akachuchumaa, akangoja, hakutoa kitu.
Mara ya kumi na mbili akalia kama mtoto wa mtu.

Nikamfunga kwenye sweta la marehemu Ülo,
nikavuka daraja la Tartu kwa miguu, theluji kifundoni,
maana dereva wa teksi alimwona akasema: paka, hapana.

Mapokezi, msichana mwenye kipini puani
akanipa fomu. Jina la mgonjwa. Umri. Uzito.
Kisha, bila kuinua macho:
"Mwisho wako euro ngapi?"

Mwisho wangu.
Nikawaza bili ya joto,
na jino linalonisubiri tangu Septemba,
nikataja namba nisiyokuwa nayo.

Benchini mwanamume ameshika mnyororo wa mbwa.
Mnyororo tu.
Hatukusemezana. Alinimegea mkate wake mweusi,
nikala, ingawa sikuwa na njaa.

Kulipopambazuka daktari Liivika akatoka, glavu zinachuruzika,
akatamka neno ambalo sikuwahi kudhani litaniliza:

"Amekojoa."

Yule mwenye mnyororo ndiye aliyeanza kucheka.