Kituo cha Sita

Tulianzia bikoni ya Kivule, karibu na mashine ya kusaga,
tukazunguka vituo tisa, tukarudi pale pale,
stendi juu ya msumari ule ule.
Mimi nilifika. Hesabu haikufika.
Hesabu ilisimama mita moja na sentimita nne
mashariki ya bikoni, ndani ya banda la kuku la Mama Feruzi,
ikadai ndiko nyumbani.

Ngajilo, mshika mkanda wangu, akasema: "Gawanya.
Kila upande upewe chake. Nani atajua?"
Na kweli, kanuni ipo, na karatasi huvumilia.
Lakini kosa dogo ni la wote;
kosa kubwa lina mwenyewe.

Asubuhi tukarudi kulitafuta,
kama mtu aliyepoteza ufunguo
anayekagua mifuko ile ile.
Cha pili, salama. Cha tatu, mchanga umetulia.
Cha sita, kwenye muhogo wa Bwana Mwinyigoha,
kigingi kimesimama wima mno,
rangi yake nyekundu inatazama upande usio wake,
na hatua moja kando, chini ya majani makavu,
tundu.

Juzi tulipima hadi pale,
jana tukapima kuanzia hapa.
Katikati kulikuwa na usiku.

Mwinyigoha akatoa viti.
Hatukumuuliza kitu. Akasema: mbuzi.
Ngajilo akaitazama nyundo iliyoegemea mlango,
akatazama pembeni.

Tukakirudisha. Tukapima upya, kwenda na kurudi.
Zikabaki sentimita nne.

Hizo sikuzitafuta.
Hizo ni chuma cha mkanda kilichotanuka kwa jua la Dar saa saba mchana,
ni kikohozi cha Ngajilo ameshika fimbo,
ni mguu wa stendi uliozama bodaboda ilipopita,
ni jicho langu la kushoto, ninalolijua.
Hazina mwizi.

Usiku, chumbani Sinza, feni ikigombania karatasi,
nikazigawa kwa urefu: aliyetembea sana amekosea sana.
Upande wa mita mia mbili na ishirini, milimita kumi na moja.
Ule mfupi nyuma ya msikiti, mita arobaini,
milimita mbili.
Mipaka yote ikasogea unene wa kucha,
na hakuna aliyeamka.

Umbo likafunga.
Ikabaki safu ya maelezo, kituo cha sita.
Nikashika penseli muda mrefu.
Nikaandika: mbuzi.