Mizani ya Vifurushi

Mizani ya nyumbani iligoma,
ikaandika mstari tu.
Basi saa tisa usiku, ghalani Northampton,
wenzangu wako chai,
nikapanda mizani ya vifurushi.
Kilo mia na sabini na nane.
Kioo kikauliza: kinatumwa wapi?

Mwanakheri, kwenye simu kutoka Lamu:
"Ukikonda watasema Ulaya imekushinda."
Sikumwambia habari za ngazi,
wala za Haitham, mwanangu,
anayenisubiri kila ghorofa
akijifanya anafunga kamba
za viatu visivyo na kamba.

Daktari alisema tumbo litabaki kama ndizi.
Ndizi gani, nikauliza, mzuzu au kisukari?
Akachora.
Kisukari.

Wiki mbili hizi ni mtindi na supu iliyochujwa,
ili ini linywee, lipishe kisu.
Nimenunua kijiko cha mtoto, chenye sungura kwenye mpini.
Najizoeza kumeza polepole,
nikihesabu hadi ishirini
kama mvuta tasbihi asiye na haraka.

Haba na haba hujaza kibaba.
Nilikijaza.
Mwaka aliokufa baba, nami sina nauli,
nilikijaza kikafurika,
nikala nimesimama, mlango wa friji wazi,
hadi friji ikaanza kulia.

Begi liko mlangoni: ndara, chaja, kikoi cha baba.
Kesho, basi la kwanza.
Fomu imebaki na pengo moja: ndugu wa karibu.
Niliandika Haitham, nikafuta. Ana miaka tisa.
Nikaandika Mwanakheri.
Sasa itabidi nimpigie,
nimwambie habari za ngazi.