Mbachao

Newala, ghalani, saa moja na robo asubuhi.
Ukungu umeingia hadi kwenye mizani,
nami nimekaa mbele ya kioo cheusi
kinachoniambia kwa herufi nyeupe, nyembamba,
kwamba hakioni mzizi.

Jana usiku niliiambia kompyuta: haya, jisasishe.
Nani hapendi kipya?
Nikatandika mkeka chini ya meza, nikalala.
Ilifika asilimia themanini na kitu
umeme ukaondoka bila kuaga.

Humo ndani mna magunia elfu moja mia nne na sita,
majina, kilo, daraja la kwanza, daraja la pili.
Mna Somoe Nambanga wa Kitangari
aliyeokota korosho zake moja moja
hadi mgongo ukasema basi.
Na mnada ni saa nne.
Mwenyekiti anapiga simu. Siipokei.
Anapiga tena.

Dirishani mtu anauliza, "Karani, imekufa?"
"Imezimia," nikasema,
na sikujua kama nasema kweli.

Nikaizima. Nikaiwasha, kidole kimekandamiza kitufe,
ikatokea ile orodha ambayo siku zote hupita mbio
kama jirani anayeogopa kukopwa:
juu kiini kipya, kimemulikwa;
chini yake kiini cha zamani, cha mwezi wa sita,
namba zake ndogo,
hakuna aliyekifuta, hakuna aliyekikumbuka.

Huku kwetu kiini tunakijua.
Unabangua ganda, mafuta yake yanakubabua vidole,
na hicho cheupe kilichobaki ndicho chenye bei.
Ila sikujua kwamba mashine nayo
huweka akiba ya nafsi yake ya juzi.

Mshale chini. Chini tena. Nikabonyeza.
Feni ikakohoa.
Mistari ikaanza kushuka: sawa, sawa,
mmoja ukasita, moyo nao,
sawa.

Saa tatu kasorobo ikaniuliza nenosiri
kana kwamba hakuna kilichotokea.
Nambanga, Somoe. Kilo mia mbili na kumi na mbili.
Zipo.

Printa ikaanza kudai karatasi.
Kile kipya bado kipo juu ya orodha, sijakifuta;
nitakitazama Jumapili, umeme ukitulia.
Nikainama kuukunja mkeka wangu, pembe zimechanika,
ule niliokwisha kuutafutia mwenzake dukani.
Nikaurudisha chini ya meza.