Printa ya Faza

Nabonyeza "Kwa Mheshimiwa Kadhi".
K inatoka. Kimya.
Halafu w, halafu a, zafuatana
kama watoto waliochelewa chuoni.

Mwanakheri ameketi ubavuni, buibui limelowa jasho.
"Umelisahau jina langu?"
Sijalisahau, ndugu yangu. Ni mashine.

Nimeifungua kiuno, nimeipuliza vumbi la Langoni,
nikatoa manyoya ya paka na mende mkavu.
Nimefuta fonti za kadi za harusi, mia na ushei,
zile zenye mikia na maua.
Nimefuta na michezo ya Shekue mwanangu,
akanuna hadi alasiri.
Nikaongeza ram ya mtumba
iliyoletwa kutoka Mombasa ndani ya soksi.
Bado.

Leo ndipo nikafika kwenye orodha ya printa.
Pale juu kabisa, na alama yake ya tiki,
ile kuukuu niliyoiuzia shule ya Faza mwaka juzi,
ikaenda gatini juu ya punda, waya ukiburura.
Kumbe kila nikiandika
mashine hutoka kwanza kuipigia hodi.
Hodi.
Hodi.
Husimama mlangoni, husikiliza,
ndipo irudi kunipa herufi moja.

Nikaifuta. Maneno yakamwagika mstari mzima,
na makosa yangu yote ndani yake.

Mwanakheri alikuwa akitazama kioo.
"Miaka minne," akasema, "nami napakua sahani mbili."

Kisha akavuta kiti.
"Andika faskhi. Nitasema upesi,
usinisimamishe."