Kikao Nambari 4471

Saa nane na robo usiku, Kutaisi, mvua ya Februari
inagonga bati la gereji nyuma ya hospitali,
na simu inasema: famasia imekwama.
Wodi ya tatu imekwama. Mapokezi nako kumekwama.
Tsitsino, nesi wa zamu, leo hana upole:
"Mzevinar, nikibonyeza, kinazunguka tu hicho kiduara!"

Nafungua skrini nyeusi. Naiuliza hifadhidata
swali ninalolijua kama jina la mama yangu:
nani yumo, tangu lini, anangoja nini?

Vikao sitini na tatu.
Arobaini na kimoja vinangoja.
Hiki kinangoja kile, kile kinangoja cha tatu,
foleni ya watu waliopeana visogo,
kila mmoja akiapa si yeye,
ni huyo wa mbele.

Zuia. Zuiwa.
Herufi moja nyembamba kati ya mkosaji na mkosewa,
na wengi humu ni wote wawili.
Ile kazi ya matengenezo, kwa mfano:
imefika saa nane kamili, kama kila usiku,
ikataka jedwali zima peke yake,
ikaambiwa subiri,
na kila aliyekuja baadaye akapanga nyuma yake.
Ndiyo yenye kelele. Nusura niikate.
Kumbe nayo inasubiri, maskini.

Napanda mnyororo, pete kwa pete,
hadi kwa asiyemngoja mtu.
4471.
Hafanyi lolote.
Alianza muamala saa mbili kasoro dakika tano,
akagusa mstari mmoja,
basi.
Kikao ni neno lililozaliwa na kukaa,
na huyu, kweli, amekaa.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo;
huu wa leo umesimamisha hospitali
na haukusikika hata mlango wa pili.

Mtumiaji: murman, wa usajili, ghorofa ya chini.
Kufuli liko kwenye jedwali la vitanda,
kitanda cha kumi na tisa.

Amri ya kukata ni fupi kuliko jina langu.
Nampigia kwanza. Anapokea mlio wa kwanza,
sauti ya mtu ambaye hajalala.

"Murman, umeacha kitu wazi?"
"Ni mwalimu Varlam," anasema. "Alinifundisha hesabu.
Niliandika ile hali mpya. Nikaisoma.
Kidole kikakataa kuthibitisha.
Nikavaa koti, nikatoka."

Mvua kwake, mvua kwangu.
"Nikate?"
"Kata."

Nikakata.
Kiduara cha Tsitsino kikasimama,
famasia ikatapika lebo thelathini kwa mkupuo,
kazi ya matengenezo ikapata jedwali lake, ikamaliza, ikaondoka bila kuaga.
Na kwa kuwa sheria ya mashine ni moja,
kwamba lisilothibitishwa halikutokea,
kitanda cha kumi na tisa kikarudi kilivyokuwa:
Varlam Chkhaidze, miaka themanini na mmoja,
amelazwa. Mlo wa kawaida.
Asubuhi apewe chai, asitiliwe sukari.

"Imefunguka," Tsitsino akasema. Halafu polepole:
"Lakini Mzevinar, huku juu kitanda hicho tumeshatandika upya."
"Najua."

Dakika ishirini na mbili alikuwa hai kwenye jedwali.
Sikumgusa. Ningeweza; nina funguo zote za nyumba hii.
Nikachemsha maji, nikamega mkate wa jana,
nikaacha orodha ijichore upya kila sekunde tano.

Kikao 4502. murman.
Alikuwa amekuja kwa miguu, Tsitsino aliniambia kesho yake,
koti juu ya pajama, maji yakichuruzika kwenye kibodi.
Muamala umeanza.
Mstari mmoja.
Sekunde tisa, kumi, kumi na moja,
sikuhema.
Umethibitishwa.

Kwenye daftari la hitilafu kuna safu ya chanzo.
Nimeandika: kufuli.
Kwenye safu ya hatua za kuzuia lisijirudie
nimeacha wazi.