Mlango wa Juu

Dirisha la ghorofani sasa ndilo mlango.
Unainama, unaingia moja kwa moja
palipokuwa chumba cha Furere Anselmi.
Msumari wa msalaba wake ungali ukutani,
usawa wa goti langu.

Chini yetu kuna jiko.
Kuna meza ndefu, vikombe kumi na viwili vya bati,
na uji wa siku ile, haujanywewa.
Moto haukubisha hodi.
Ulishuka polepole, kama mdai
ajuaye kwamba huna pa kukimbilia.

Kavugho anauza makala
chini ya tao lililobaki la kanisa dogo.
Mizani yake inaning'inia ilipokuwa kengele.
Namuuliza kama haogopi kulala hapa.
Anapangusa jiwe jeusi kwa kiganja:
“Hili lilikula nyumba yangu ya Birere.
Ninayolala leo nimeijenga kwa hilihili.”
Kisha ananipimia kopo moja, anaongeza kipande.

Chukudu ya viazi inapita juu ya paa la jiko,
magurudumu ya mti yakigonga,
ko, ko, ko,
nami, mjinga, nimesimama na makala yangu
nikisikiliza chini
kama kuna atakayesema karibu.